Mlango wa Kuinama

Mwanangu Akiru,

Ejok. Hali yako sikuulizi, maana umelala ndani ya akai, nyumba yetu ya fito, hapa nyuma yangu na nasikia unavyopumua. Taa nimeiweka nje juu ya debe la misumari ili mwanga usikuamshe. Nikimaliza barua nitaikunja niitie ndani ya mfuko wa nyama kavu, kwa sababu nakujua: basi likisimama Kainuk kungoja polisi wa kusindikiza, kitu cha kwanza utakachotafuta ni chakula. Karatasi ikiwa na mafuta, soma hivyo hivyo.

Mambo ya sabuni, sweta na blanketi sitayaandika. Tumeyafunga pamoja mchana, mimi nikisema hiki kiende chini, kile kiende juu, na wewe ukijibu "ndiyo, Mama" bila kunitazama. Hatujaongea sawasawa tangu turudi kutoka Kakuma. Tunapishana uwanjani kama wapangaji wawili.

Basi niliseme kwanza lile lililo katikati yetu. Kesho alfajiri unaondoka kwenda nyumba ya malezi ya masista ili uwe mmoja wao, huko juu baada ya Kitale, kwenye baridi, na mimi sijakubariki. Uliniomba kitu kimoja tu: nikupake emunyen kwenye paji la uso, ule udongo wa baraka tuliopakwa na mama zetu, na wao wakapakwa na wa kwao, na nikupake ndani ya lile kanisa la mawe la Kakuma, mbele ya altare. Nilikubali. Nilibeba udongo kutoka hapa Lodwar ndani ya leso. Nilifika mpaka mahali penyewe. Kisha nikaifunga leso tena, nikatoka nje, nikakuacha umepiga magoti mbele ya watu.

Nataka ujue ilivyokuwa upande wangu. Wewe uliona mgongo tu.

Unajua mimi sikusoma nikiwa mtoto. Kusoma nilijifunza ngumbaru, wewe ukiwa mgongoni, lakini hesabu nilikuwa nazo kichwani kabla ya hapo, maana anayejenga lazima ajue kugawanya. Baba yako alipofariki, ndugu zake walikuja wakachukua mbuzi na ngamia, wakaniachia wewe na panga la kukatia fito. Sikulia mbele yao. Nilianza kuuza fito na majani ya mikoma ya kando ya mto, nikaingia mikeka, nikaingia misumari na mabati. Wakimbizi walipoanza kufika Kakuma na kila familia ikataka pa kujifunika, mimi ndiye niliyepeleka lori la kwanza la fito, wakati wanaume wa hapa bado wanabishana kama watu wale watakaa ama watarudi kwao. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hivyo nina tabia ya mtu aliyejiinua mwenyewe: sigusi kitu kabla sijakipigia hesabu.

Hata kukupeleka shule ya bweni ya masista nilipiga hesabu. Hapa ningekuacha na nani nikiwa barabarani? Kule kulikuwa na uji, ukuta, mlango unaofungwa kwa ufunguo, na mwalimu asiyekosa kuja. Nikajumlisha, nikatoa, jibu likatoka zuri. Kitu ambacho sikukiweka ndani ni kwamba ungewapenda. Hapo ndipo nilipokosea, na hata leo sioni ningekiandika wapi.

Baba yako mdogo aliposikia alikuja dukani na kigoda chake na fimbo yake, akakaa katikati ya mlango ili kila mteja amruke.

"Nasikia msichana ameolewa na Mungu," akasema. "Vizuri. Huyo Mungu atatuma wazee lini?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Kwa umri wako si mnaonana karibuni?"

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga misumari. Lakini alipoondoka nilibaki na swali lake. Wazee hawatakuja. Hakuna mama wa upande wa pili nitakayekaa naye chini nimwambie kwamba mtoto wangu akiugua hupenda giza na hataki kuguswa miguu. Nani nitamwambia? Nimekuwa nikiyasema haya kwa debe la misumari.

Kwa hivyo uliposema twende tukalione kanisa la zamani kabla hujaondoka, nilienda na nia mbili. Moja ilikuwa ndani ya leso. Ya pili hukuijua: nilikuwa naenda kutafuta ufa.

Usishangae. Mimi naishi kwa nyumba. Nipeleke nyumba yoyote, nitakuonyesha mahali itakapoanzia kuanguka. Nikawaza, nikipata kasoro katika nyumba ya hawa watu, kasoro kubwa ya kuonekana kwa macho, nitakuwa na la kukuambia. Maneno mengine yote yalikuwa yameniishia. Nilikuwa nimekukasirikia, nimekubembeleza, nimekaa siku nzima bila kula ukaniletea chai ukaniambia nisijiumize. Ulikuwa mpole kabisa. Mtu mpole hana mahali pa kumshika.

Kwa mbali kanisa lilikuwa chini, jeusi, la mviringo, kama mgongo wa mnyama aliyelala kando ya mto. Karibu ndipo nilipoona ukuta ulivyo mnene, mawe meusi ya huku kwetu yaliyochongwa upande mmoja tu, ule wa nje. Mnara hawakuwahi kujenga. Kengele imetundikwa nje kwenye nguzo tatu, vile tunavyotundika kibuyu cha kusukia maziwa, na nilicheka moyoni kuona. Sista Felista, yule aliyekufundisha hesabu, alikuwa anatungoja pamoja na katekista, mzee Lokwawi wa miwani, ambaye ndiye anayelitunza.

"Ejok, Mama Akiru!"

"Ejok noi."

"Karibu, karibu nyumbani."

Neno hilo "nyumbani" sikulipenda, lakini niliingia.

Na hapo mlangoni nikaaibika. Niliinama. Maisha yangu yote mwili huu umeingia nyumba kwa kuinama, na sikuuambia kwamba mlango ule ngamia mwenye mzigo angepita bila kugusa. Nikaingia nimekunja mgongo, mkono mmoja karibu na sakafu, na juu ya kichwa changu hakuna kitu. Ukacheka. "Mama, inuka! Hutagonga!" Ulicheka kwa upendo, hilo najua, hata Sista alicheka hivyo hivyo. Lakini wewe ulikuwa umepita ukiwa wima. Hukufikiria. Nikaona kwamba mwili wako umeshausahau mlango wangu.

Niliponyoosha mgongo, kitu cha kwanza kilikuwa baridi. Nje jua lilikuwa linaunguza nyayo, ndani kukawa kama mto alfajiri. Nilisimama pale nikiikumbuka nyumba yetu ya mabati, na habari hiyo sijawahi kukupa yote, kwa hivyo nitaliacha kanisa kidogo.

Nilipopata faida yangu ya kwanza ya kweli niliibomoa akai. Nilisema akai ni ya maskini. Nilijenga nyumba ya pembe nne, mabati juu, mabati pembeni, mlango wa chuma, nikaita watu waje waone. Nilikuwa na hasira na ndugu za baba yako na nilitaka ing'ae mpaka waione wakiwa malishoni. Iling'aa kweli. Jua la kwanza kali, mshumaa ulioko mezani uliinama wenyewe bila kuwashwa, ukalala kama mtu aliyezimia. Wewe ulitokwa na vipele shingoni. Ikabidi tulale nje, na saruji na misumari vilale ndani, maana vyenyewe haviungui. Unakumbuka kulala nje? Ulidhani ni mchezo. Ilikuwa mama yako anaona haya. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote, sasa nitarudije kukata fito? Nilikaa hivyo misimu miwili ya joto, mtoto ana vipele, kwa ajili ya mdomo wangu. Siku niliyojenga hii akai unamolala, jirani aliniona nimebeba mzigo wa fito akaniuliza, "Umerudi?" Nikasema, "Nimerudi." Ikaisha. Hakuna aliyecheka. Misimu miwili niliogopa kicheko ambacho hakikuwako.

Huko unakoenda utakuwa umewatangazia watu. Mimi, Baba mdogo, darasa lako zima. Siku ukiona nyumba ile inakuchoma, usingoje misimu miwili. Sisemi itakuchoma. Nimeipapasa, na nitakuambia nilichokipata.

Paa ndilo lililonishika. Mbavu nane za zege zinatoka chini ukutani, zinapinda taratibu, zinakutana juu kwenye pete, na ndani ya pete wameweka kioo, mwanga unashuka wima. Chini ya paa, mzunguko wote, wameacha uwazi wa kiganja ili joto litoke. Madirisha ni madogo, yako chini, upande wa upepo. Nilizungusha macho kutafuta mahali pa kukosoa sikupaona, na mbavu zile nilizijua. Mikono yangu ilizijua kabla ya kichwa. Ni vile tunavyopinda fito, ya huku ikaitafuta ya kule, mpaka zishikane.

"Nyumba hii ni ya nani?" nikamuuliza katekista.

"Ya Mungu, Mama."

"Mungu ana mke?"

"Mama!" Huyo ulikuwa wewe.

"Nauliza tu. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume hana nyumba, analala kwa watu."

Mzee Lokwawi alicheka mpaka akavua miwani. Mturkana mwenzangu, alijua ninachosema. "Imewekwa kwa jina la Mama Maria," akasema.

"Haya, hapo tumesikizana. Na aliijenga mwenyewe?"

"Alijengewa."

"Basi alidekezwa."

Hata Sista alicheka. Nilikuwa najichangamsha. Kisha nikaanza kazi iliyonileta. Nilifuata ukuta nikiupapasa kwa viganja, polepole, mpaka nyuma ya altare na kurudi, na nilikusikia ukimnong'oneza Sista, "Ameguswa." Mwanangu, sikuwa nimeguswa. Nilikuwa natafuta ufa.

Na niliupata. Nyuma ya kibanda cha kuungamia, unashuka kutoka pembe ya dirisha, mwembamba kama unywele lakini mrefu kuliko mtu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota mbuzi wake aliyepotea. Nikaita kwa sauti, sikujali niko wapi.

"Katekista! Njoo uone. Ukuta wenu unakwenda."

Akaja, akainama, akapuliza vumbi. "Huu tunaujua, Mama. Tazama hapa."

Akanionyesha kipande kidogo cha kioo, kirefu kama kidole, kimegandishwa kwa saruji kukatiza ufa, nusu huku, nusu kule. Nami nikakielewa kabla hajaeleza. Ukuta ukisogea, hata kidogo sana, kioo kinapasuka. Fundi alikiweka kabla wewe hujazaliwa. Nilikigusa. Kilikuwa na vumbi na kinyesi cha mjusi, na kilikuwa kizima kabisa.

"Ulitetemeka mwanzoni, ukatulia," katekista akasema. "Nyumba ikikaa, inajinyoosha."

Hapo nikaishiwa. Nilikuwa nimesafiri na hoja moja na imekwisha. Nyumba yao imesimama, ina upepo, ina kivuli, hata ufa wao unalindwa. Mahali pazuri kuliko nilipokulea. Nikuambie nini?

Nadhani mzee aliona uso wangu umeanguka, akataka kunifurahisha. Akaelekeza fimbo juu kwenye mbavu. "Unajua zilitoka wapi hizi? Padre wa kwanza alipofika wakati wa njaa hakuwa na pa kulala. Mama mmoja wa hapa akamwachia akai yake. Kila akiamka anatazama juu, anaona fito zinavyokutana. Ndiyo akachukua kalamu akachora hii."

"Mama gani?"

"Nani?"

"Aliyemwachia akai. Anaitwa nani?"

"Aa." Akafikiri. "Mama tu wa hapa."

"Na Padre akiwa amelala kwake, yeye alilala wapi na watoto?"

"Mama Akiru, hiyo ni zamani."

Kando ya mlango kuna jiwe lililoandikwa. Nililisoma mimi mwenyewe, mara mbili. Kuna jina la Padre. Kuna la askofu aliyebariki. Kuna la watu wa ng'ambo waliosaidia. Hata fundi wa zege yupo, mwisho, kwa herufi ndogo. Yule mwanamke hayupo.

Mama yangu alikuwa pale wakati wa njaa ile. Mimi nilikuwa mtoto nimeshika kikombe kwenye foleni ya uji. Alikuwa na akai upande wa mto, na nakumbuka usiku mwingi tuliolala nje wakati wengine wako ndani, na sikuuliza kwa nini, mtoto haulizi. Sisemi ni yake. Wanawake wengi walikuwa pale na wote walijenga kwa namna moja. Lakini Mama amekufa, dada zake wamekufa, Padre naye amekufa, na mzee Lokwawi alikuja baadaye. Hakuna mlango wa kubisha. Nitakufa bila kujua kama nilisimama chini ya paa la mama yangu ama la mama wa mtu mwingine.

Wakati huo kwaya ya wakimbizi ilikuwa inaingia na ngoma zao, wamekuja kufanya mazoezi. Sista akasema, "Basi, Mama. Mbariki mtoto." Ukaenda ukapiga magoti chini ya pete ile, mwanga ukakuangukia kichwani. Nikafungua leso. Nikaulowesha udongo kwa maji ya chupa. Nikainua mkono.

Nikatazama juu, nikaona akai kubwa isiyo na moto, isiyo na ngozi ya kulalia, isiyo na jina la mwenyewe. Nikatazama chini, nikaona utosi wako. Mkono ukabaki hewani.

"Mama, paka tu," ulisema.

Nikaifunga leso.

Tangu siku ile nimejiambia kwamba nilikasirika kwa ajili ya yule mwanamke. Ni kweli nilikasirika, na nina haki. Lakini hasira hiyo ningeimeza, nimeshameza kubwa kuliko hiyo. Ukweli ni kwamba mkono ulikataa. Niliuambia shuka, haukushuka. Udongo ukishakauka kwenye uso wa mtoto, aliyempaka hana tena neno la kumzuia, na mimi nilikuwa nimebaki na hilo moja tu. Nilikunyima kwa sababu sikuwa na kingine cha kukunyima.

Hujui niliyemkuta nje. Unamkumbuka Mama Deng, yule Mdinka mrefu anayenunua fito kwangu, anayeniita Mama Fito mbele ya kambi nzima? Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta akingoja wenzake wa kwaya wajipange.

"Mama Fito, wewe nalia nini?"

"Mtoto anaondoka."

"Nakwenda wapi?"

"Kwa masista. Baada ya Kitale."

"Kitale iko na barabara?"

"Iko."

"Iko na posta?"

"Iko."

Akawa anakwangua mchanga kwa kidole. "Deng yangu natoka asubuhi na ng'ombe," akasema. "Mimi nasema, angalia ile ndama nyeusi, iko mgonjwa. Halafu vita nakuja. Hiyo ndiyo neno ya mwisho mimi naambia yeye. Ndama." Akanitazama. "Wewe iko na mtoto hapo ndani, iko na mdomo, halafu nakuja kaa hapa na mimi?"

Ngoma zikaanza. Akainuka, akajipangusa mchanga, akaingia kuimba. Aliimba kwa Kiarabu chao cha Juba, sauti yake niliitambua kati ya zote. Ningerudi ndani nyuma yake. Miguu ilikuwa mizima. Nilibaki nimekaa mpaka mkatoka, na ukapita karibu yangu ukaenda kutafuta lori la kuturudisha.

Ndani ya lori nilitaka kukuambia habari ya Deng. Tulikuwa juu ya magunia, upepo unapiga, na wewe umejifunika kitambaa mpaka macho. Sista alikuwa mbele na dereva. Kabla hatujapanda alikuwa ameniambia kwa sauti nzuri kwamba siku ya nadhiri watakupa jina jipya. Nikamuuliza, "Hili lina kasoro gani?" Akasema halina kasoro. Basi nilikaa na hilo pia, safari nzima.

Akiru ni mvua. Ulizaliwa inanyesha, na ilikuwa haijanyesha muda mrefu hivi kwamba watu walitoka nje wakasimama tu wamefungua midomo. Hakuna aliyenisikia nikikuita duniani. Maji yalipita katikati ya akai yakazima moto, nikakuinua juu karibu na fito, nikakushikilia hapo mpaka yakapungua. Jina hilo nilikupa nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Wakikupa lingine, lichukue, sina nguvu ya kukataza na nimechoka kujifanya ninayo. Lakini mahali popote watakapoandika jina lako, iwe karatasi iwe jiwe, waambie waandike na Akiru. Hata kwa herufi ndogo, chini ya fundi. Mtu akija baadaye akauliza mama gani, apate la kujibiwa.

Sina mengine ya kukufundisha. Nilidhani kwenye barua ningekuwa hodari kuliko mdomoni. Naona nimeandika mambo ya mabati na ufa.

Leso iko hapa pajani. Udongo nimeulowesha tena, wa Kakuma ulikauka ukapasuka. Nimekaa nje ya mlango wa akai, upande wa kulia, na sitalala. Mlango huu niliupima kwa mwili wangu nikiujenga, na hakuna mtu anayetoka ndani yake akiwa wima, hata wewe na miguu yako mirefu uliyorithi kwa baba. Asubuhi utatoka kichwa mbele. Paji lako la uso litafika mikononi mwangu kabla ya macho yako, sitalazimika kukutazama. Huenda mkono utaweza hivyo. Huenda utakataa kama juzi, ubaki pajani, na nitakaa nao hapa mpaka nisikie honi ya basi. Nimeutuma mkono huu kazi nyingi na haujawahi kunikatalia ila ile siku moja, na usiku huu sithubutu kuuwekea ahadi.

Wewe uliye Kainuk na nyama mkononi unajua tayari. Mimi bado sijui. Gusa uso wako.

Ni mimi, mama yako.